Mbwa Aliyejificha Chini ya Gauni

Mama yangu anadarizi vitambaa. Kwetu Njombe hatusemi "kudarizi", tunasema tu "kufuma", hata kama kazi yenyewe ni ya sindano na uzi juu ya kitambaa. Kama umewahi kukaribishwa sebuleni kwa watu miaka ya tisini unajua ninachokisema: vitambaa vyeupe vya makochi, vya meza, vya kufunika redio, vyenye maua mekundu na majani ya kijani, vingine vimeandikwa "Karibu Mgeni" pembeni. Nusu ya vitambaa vya mtaa wetu vilipita mikononi mwa mama.

Chini ya kiti chake cha kufumia, juu ya gunia lililokunjwa mara mbili, alilala mbwa. Jike la kienyeji, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limekatika ncha. Jina lake Watasema. Wasomaji mliokulia huku hamtashangaa. Kuna mbwa hupewa jina kama kanga inavyopewa maneno, yaani ni ujumbe kwa jirani. Mama alimpa jina hilo mwaka ambao baba alifariki, na kila alipomwita kwa sauti pale uani, mwenye neno lake alijua kwamba ameshajibiwa.

Mwaka 2019 mimi na ndugu zangu tuliamua mama ahamie Dar es Salaam. Sababu zilikuwa nzuri tu: baridi ya Njombe, presha, na kulala peke yake nyumba nzima. Mimi nilikuwa na chumba cha ziada Sinza, ghorofa ya tatu. Mbwa tukamwacha kwa jirani pamoja na debe la dona. Mama hakubisha. Alikuja na mfuko wake wa nyuzi, akauning'iniza nyuma ya mlango, na kwa miezi saba hakuugusa. Tukadhani ni macho. Nikampeleka hospitali, akapewa miwani. Miwani akaitumia kuangalia taarifa ya habari. Jioni moja tukiwa tunakula akauliza, "Hivi yule mbwa anakula?"

Nikacheka. Nikamwambia, mama, mbwa ni mbwa, atajitafutia.

Kicheko kile ndicho kimenifanya niandike makala hii, ingawa sehemu kubwa ya makala inamhusu mwanamke aliyekufa mwaka 1587.

Nilikutana naye kitabuni katika miezi hiyo hiyo saba. Mary Stuart, Malkia wa Uskoti, ni mtu ambaye wengi tunamjua kwa juu juu: malkia aliyekatwa kichwa kwa amri ya malkia mwenzake. Mwanzo wa maisha yake nitaupitia haraka, maana umeshaandikwa sana. Alizaliwa Desemba 1542, akawa malkia akiwa na siku sita, baba yake alipofariki. Akiwa mtoto wa miaka mitano alipelekwa Ufaransa, akakulia huko, akaolewa na mrithi wa kiti cha Ufaransa, akabaki mjane kabla hajatimiza miaka 18. Alirudi Uskoti mwaka 1561. Ndani ya miaka sita alikuwa ameolewa mara mbili tena, mume wa pili ameuawa, na wakubwa wa nchi wamemlazimisha kumwachia kiti mwanawe ambaye bado alikuwa mtoto mchanga. Mei 1568 akavuka kwenda Uingereza kumwomba msaada ndugu yake Elizabeth wa Kwanza. Alikuwa na miaka 25. Msaada hakuupata. Alichokipata ni kifungo cha karibu miaka 19, na katika miaka yote hiyo wale malkia wawili hawakuonana uso kwa uso hata siku moja.

Sasa hapo ndipo habari yangu inapoanzia, kwenye miaka 19. Vitabu vingi hukimbilia njama na shoka. Mimi nilitaka kujua: mtu anafanya nini kutwa nzima, kwa miaka 19?

Jibu lipo, na limetoka mdomoni mwake. Mwanzoni mwa mwaka 1569 mtumishi mmoja wa serikali ya Elizabeth, Nicholas White, alipita kwenye ngome ya Tutbury alikokuwa amefungwa Mary. Akamuuliza, hali ya hewa ikiwa mbaya na huwezi kutoka nje, unapitishaje muda? Mary akamjibu kwamba kutwa anafanya kazi ya sindano. Akasema wingi wa rangi ndio unaofanya kazi isichoshe, na kwamba anaendelea hivyo hivyo mpaka maumivu yanapomlazimisha kuiweka chini. White aliyaandika maneno hayo katika barua kwa William Cecil, waziri mkuu wa mambo yote ya Elizabeth. Litunze jina hilo la Cecil, tutarudi kwake.

Tutbury haikuwa mahali pa mchezo. Ilikuwa juu ya kilima, upepo unaipiga kila upande, kuta zina unyevu, na Mary alikuja kulalamika sana kuhusu baridi yake na harufu ya vyoo vyake. Mlinzi wake alikuwa Earl wa Shrewsbury, tajiri mkubwa, ambaye alikaa na mfungwa huyu kwa takriban miaka 15 akimhamisha kutoka nyumba hadi nyumba: Tutbury, Wingfield, Chatsworth, Sheffield. Shrewsbury hakuwa mtu mbaya, na hilo ni jambo ambalo lilinisumbua baadaye. Alimlisha vizuri kadiri fedha zilivyoruhusu, akaishia kulia na gharama.

Mke wa Shrewsbury, Bess wa Hardwick, naye alikuwa mtu wa sindano. Machi 1569 Shrewsbury alimwandikia Cecil kwamba malkia anakwenda kila siku chumbani kwa mkewe, wanakaa na wanawake wengine wawili wa msafara wake, wanashona. Akamtoa wasiwasi: mazungumzo yao, alisema, ni ya mambo madogo madogo yasiyo na maana, hakuna dalili ya siri.

Hebu simama kidogo hapo. Mwanamume anawatazama wanawake wanne wenye sindano, anaandika ripoti: hakuna kitu.

Kitu kilikuwepo. Walikuwa wanashona dunia nzima ya wanyama. Mifano mingi ya kazi zao ilitoka kwenye vitabu vya Conrad Gessner, mtaalamu wa Zurich ambaye alikuwa amechapisha picha za wanyama, ndege na samaki kutoka kila pembe iliyojulikana wakati ule. Picha ilihamishiwa juu ya kitambaa cha kitani, kisha ikajazwa kwa hariri za rangi, mshono mdogo wa msalaba mmoja baada ya mwingine. Kila mnyama alikuwa na kipande chake, kingine cha pembe nane, kingine cha umbo la msalaba. Kipande kama hicho kinakaa pajani, kinabebeka ukihamishwa. Baadaye vipande vilipangwa na kushonewa juu ya mahameli ya kijani, kama vile bibi zetu wanavyokusanya viraka mpaka vinakuwa shuka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ipo mpaka leo, Oxburgh Hall, mkoa wa Norfolk huko Uingereza. Kuna pomboo anayeruka, na wanaoelewa Kifaransa wanacheka kwa uchungu, kwa sababu jina la pomboo kwa Kifaransa ndilo pia jina la cheo cha mrithi wa kiti, cheo alichokuwa nacho mume wake wa kwanza.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote hakipo Oxburgh, kipo kwenye makusanyo ya ufalme wa Uingereza. Ni paka. Gessner alimchora paka peke yake. Mary akambadilisha: akampa manyoya ya rangi ya chungwa, na karibu yake akaweka panya. Elizabeth alikuwa na nywele nyekundu. Sidhani kama nahitaji kuendelea.

Kuna wakati ujumbe wa sindano ulikuwa wa hatari zaidi ya paka. Mary alishona mkono unaotoka mawinguni umeshika kisu, unakata tawi la mzabibu lisilozaa ili lile zima lipate nguvu, na juu yake maneno ya Kilatini yenye maana kwamba ushujaa unachipuka kutokana na jeraha. Kazi hiyo alimpelekea Duke wa Norfolk, mwanamume wa Kiingereza aliyekuwa anapanga kumwoa. Norfolk alikamatwa, na mto ule wa kudarizi ukatajwa kwenye kesi yake ya uhaini. Alikatwa kichwa Juni 1572. Sisi watu wa kanga hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Bibi yeyote wa Pwani anaweza kukwambia kwamba nguo inasema, na kwamba uzuri wa kusemea nguoni ni kwamba ukiulizwa unaweza kujibu: mimi nimevaa tu. Mary na Norfolk waliulizwa na watu ambao jibu hilo halikuwatosha.

Basi, sindano ilikuwa inasema. Lakini mtu hawezi kuishi kwa kusema tu. Anataka na wa kukaa naye.

Julai 1574 Mary alimwandikia balozi wake huko Paris, Askofu Mkuu wa Glasgow. Katikati ya mambo ya fedha na siasa akaingiza ombi. Anataka mbwa. Alikuwa na hakika kwamba mjomba wake, Kardinali wa Guise, akifika Lyon atamtumia mbwa wawili wadogo wazuri, na akamwomba balozi amnunulie wengine wawili. Sababu aliyoitoa ilinifanya nikifunge kitabu kwanza. Alisema kwamba ukiacha kusoma na kushona, furaha yake pekee ni wanyama wadogo anaoweza kuwapata. Kisha akatoa maelekezo ya usafirishaji: waletwe ndani ya vikapu, wafungwe vizuri, wasipate baridi.

Nataka tuutazame mwaka huo wa 1574 kwa makini. Mary ana miaka 31, ameshafungwa miaka sita. Norfolk ameshakufa. Watumishi wake wamepunguzwa. Mwaka huo huo anadarizi sketi ya satini nyekundu kwa nyuzi za fedha na kumpelekea Elizabeth kama zawadi, kupitia balozi wa Ufaransa, akiwa na matumaini kwamba moyo wa dada yule utalainika. Elizabeth aliipokea, akaisifu. Mlango haukufunguliwa. Na wiki chache baadaye mtu yule yule anaandika kuhusu vikapu vya mbwa, na wasiwasi wake ni kwamba watoto wa wenyewe watapata baridi njiani.

Mbwa wadogo wa namna hiyo walikuwa na sifa mbaya. Miaka minne kabla ya barua hiyo, mwaka 1570, daktari maarufu wa Kiingereza, John Caius, alichapisha kitabu kwa Kilatini kuhusu mbwa wa Uingereza. Alikuwa ameanza kazi hiyo kwa ombi la Gessner, yule yule ambaye picha zake zilikuwa zinageuka hariri mikononi mwa Mary. Caius aliwataja mbwa wadogo wa kukaa mapajani, ambao watu waliamini kwamba ukimshika tumboni anapunguza maumivu. Kitabu kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1576, mtafsiri aliongeza pilipili: akawasema wanawake wanaowabeba kwamba ni watu wa starehe wanaopoteza muda. Wanaume wale waliutazama mkono wa mwanamke uliomshika mbwa kama Shrewsbury alivyoutazama mkono ulioshika sindano. Mambo madogo madogo.

Lakini fikiria hali yenyewe. Kila mtu aliyemzunguka Mary angeweza kuwa jasusi. Barua zake zilifunguliwa, kwa hiyo akaandika kwa alama za siri. Mwaka 2023 watafiti watatu walitangaza kwamba wamezisoma zaidi ya barua 50 za Mary zilizokuwa kwenye maktaba ya taifa ya Ufaransa, zimelala humo bila hata kujulikana kuwa ni zake. Nyingi zilikwenda kwa balozi wa Ufaransa mjini London kati ya 1578 na 1584. Ndani yake kuna mwanamke anayelalamikia afya yake na masharti ya kifungo, anayepanga, anayejadiliana, asiyemwamini Walsingham, mkuu wa majasusi wa Elizabeth. Hakukosea. Mwaka 1586, akiwa amehamishiwa Chartley chini ya mlinzi mpya mkali zaidi, aliletewa njia nzuri ya kupitisha barua: zinafichwa ndani ya pipa la bia. Kumbe njia ile ilijulikana kwa Walsingham tangu mwanzo. Kila barua ilisomwa, ikafungwa tena, ikaendelea na safari. Kwa njia hiyo ndipo alipojibu barua ya kijana Anthony Babington iliyozungumzia kumuua Elizabeth, na jibu hilo ndilo lililompeleka kizimbani.

Kwa maisha ya namna hiyo, unamwambia nani ukweli wa moyo wako? Bess wa Hardwick, aliyekaa naye akishona miaka na miaka, walikuja kugombana vibaya sana, na uvumi ukaenea kwamba Mary ana uhusiano na Shrewsbury. Kitani na hariri walizozishiriki hazikuokoa urafiki. Mbwa alikuwa hana wa kumripoti. Nadhani thamani yake ilikuwa hapo, kabla hata ya joto la manyoya.

Kesi ilisikilizwa Fotheringhay Oktoba 1586. Hukumu ya kifo ilicheleweshwa kwa sababu Elizabeth alisita kutia sahihi, kisha akatia. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Februari 1587 Mary hakulala. Saa nane ya usiku alikuwa anamwandikia shemeji yake, mfalme wa Ufaransa, akimwomba awaangalie watumishi wake.

Asubuhi alipoitwa ukumbini kulitokea ubishi mdogo. Wakubwa waliokuwa zamu hawakutaka wanawake wake waingie naye. Hofu yao moja ilikuwa kwamba watachovya vitambaa vyao kwenye damu yake na kuvitunza kama vitu vitakatifu. Mwishowe wakaruhusiwa wawili, pamoja na wanaume wachache wa nyumba yake. Mmoja wa wanawake hao ndiye aliyemfunika macho kwa kitambaa na kukibana kwa pini. Mary alipiga magoti. Shoka lilishuka zaidi ya mara moja. Alipoinuliwa kichwa, nywele zilibaki mkononi mwa mtu yule, maana zilikuwa za bandia. Zake mwenyewe zilikuwa fupi na zenye mvi. Alikuwa na miaka 44.

Kilichofuata tunakijua kwa sababu Robert Wynkfield alikuwepo na aliandika taarifa ndefu. Kwa desturi, mavazi ya aliyeuawa yalikuwa haki ya wale waliofanya kazi ile. Mmoja wao akainama kumvua mikanda ya soksi. Akaona kitu kinatembea chini ya nguo. Alikuwa mbwa wake mdogo. Alikuwa ameingia pale chini ya magauni na kufuatana naye mpaka jukwaani, na hakuna aliyemwona. Hakutoka mpaka alipotolewa kwa nguvu. Na alipotolewa hakuondoka: alirudi akalala kati ya kichwa na mabega ya mwili ule. Akachafuka damu. Wakambeba, wakamwosha, kama walivyoosha au kuchoma moto kila kitu kingine kilichoguswa na damu, ili kisibaki hata kipande cha kukumbukia.

Taarifa haikutaja jina la mbwa, wala aina yake. Watu wa baadaye wamempa jina, wamempa ukoo, wamemfanya afe kwa huzuni siku chache baadaye. Sihitaji nyongeza hizo. Kilichoandikwa na mtu wa serikali kinatosha, hasa ukijua barua yake ilikwenda kwa nani. Ilikwenda kwa Lord Burghley. Na Lord Burghley ni William Cecil, amepanda cheo tu.

Hapo ndipo niliponyanyuka kitandani. Ile ripoti ya White, kwamba malkia anashona mpaka maumivu yamshinde, ilipokelewa na Cecil mwaka 1569. Ripoti ya Shrewsbury, kwamba wanawake wanashona na kuongea upuuzi, ilipokelewa na Cecil. Na habari za mbwa aliyelala kwenye damu ilipokelewa na Cecil, miaka 18 baadaye. Tunachokijua kuhusu sindano yake na mbwa wake tumekipata kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye meza ya mtu aliyetaka afe. Walimchunguza mwanamke huyo hadi pipa la bia. Walikuwa na wasoma alama za siri, wapima mihuri, wahesabu watumishi. Na bado alipotembea kwenda kufa kulikuwa na kiumbe kizima chini ya gauni lake ambacho hakuna jicho lililokiona, kwa sababu hakuna aliyewahi kukihesabu.

Ilikuwa inakaribia saa saba usiku. Mama amelala chumba cha pili. Mfuko wa nyuzi uko nyuma ya mlango, pale pale, na vumbi kidogo juu.

Sitaki kumfananisha mama na malkia. Mama hakufungwa na mtu, na mimi sikuwa na ngome. Lakini nilikuwa nimesoma kuhusu Shrewsbury kwa jicho la kumcheka, yule bwana mwema aliyelisha vizuri na kulipa gharama, aliyeangalia kazi ya mikono na kuandika kwamba hakuna kitu. Usiku ule sikumcheka tena. Mimi ndiye niliyewapa ndugu zangu ripoti kwenye simu kwa miezi saba: mama anaendelea vizuri, anakula, presha imeshuka, anaangalia taarifa ya habari. Yote yalikuwa kweli.

Asubuhi nilimpigia jirani wa Njombe. Nikamuuliza habari za huko, mvua, mahindi, mpaka nikaona aibu na kuuliza nilichotaka. Akasema, "Aah, yule? Kula anakula kwangu. Ila kulala halali kwangu. Ikifika jioni anarudi kwenu, analala pale mlangoni." Miezi saba. Njombe, Juni na Julai, barazani.

Nilimweleza mama. Sikuongeza la Mary wala la damu, nilimwambia tu alichosema jirani. Hakulia. Alikaa kimya, halafu akauliza kama lile gunia walilitoa nje au lilifungiwa ndani. Lilifungiwa ndani.

Desemba tulikwenda Njombe wote kwa ajili ya sikukuu, na tuliporudi Dar es Salaam mama hakurudi nasi. Mpaka leo dada yangu mkubwa ananilaumu. Anasema nimemwachia mzee wa presha baridi na upweke kwa sababu ya mbwa na vitambaa, na kwamba siku likitokea la kutokea nitajua mwenyewe. Siwezi kusema amekosea. Baridi ya Njombe haijapungua na presha haijapona. Tumemwekea binti wa kumsaidia, tunapiga simu asubuhi na jioni. Watasema amezeeka, macho yameanza kuingia ukungu, na najua kuna simu moja itakuja ambayo sijajiandaa kuipokea, na sijui itakuwa ya nani kati ya wawili hao.

Lakini mama anafuma. Mwezi uliopita alinipigia, akaniagiza nyuzi Kariakoo, kama zamani. Nyekundu mbili, kijani moja, nyeusi moja. Halafu akasema anataka na ya kahawia.

"Kahawia ipi, mama? Zipo nyingi."

"Sio ile ya kama mkaa wa moto uliozimika. Hafifu. Kama chai ya maziwa."

Nikamuuliza ya kazi gani, maana tangu nipate akili mama anafuma maua tu.

"We lete," akasema. "Maswali mengi ya nini?"